Figo Zikizembea: Venye Antibiotiki Hubaki Mwilini na Kuleta Noma

Ukienda kemisti ya mtaa, unapewa dawa kwa bahasha imeandikwa 1x3, unalipa, unaishia. Hiyo 1x3 imepigwa hesabu ikiamini figo zako ziko fiti. Kama haziko fiti, dozi ile ile inaweza kukuumiza.

Figo hufanya nini na dawa?
Figo mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Karibu yote hurudi kwa damu. Uchafu na dawa mob hutoka na mkojo. Cheki amoksilini: figo zikiwa poa, nusu ya dawa iliyo kwa damu huwa imetoka baada ya kedo saa moja. Figo zikifeli kabisa, nusu hiyo inaweza kukaa masaa 7 na zaidi. Ukishikilia 1x3, dozi mpya inapata ya zamani bado imekaa. Dawa inajaana.

Ikijaana?
Jentamisini, ile ya sindano, ndiyo ya kuogopwa. Karibu yote hutokea kwa figo. Kwa msee mzima, nusu hutoka kwa masaa 2 hadi 3. Figo zikifeli, inaweza kupita siku nzima. Inagonga figo zaidi, halafu masikio: mlio, kizunguzungu, kusikia kunapungua. Masikio yakiharibika hivyo, mara nyingi hayarudi.

Penisilini na sefepimi zikizidi zinaweza kuleta kuchanganyikiwa ama degedege. Septrin inaweza kupandisha potasiamu, na hiyo huvuruga mapigo ya moyo.

Kuna ingine hugeuza story. Nitrofurantoini hutibu maambukizi ya mkojo juu figo huituma huko. Figo zikilegea haifiki ya kutosha: bakteria wanabaki, na dawa ikibaki mwilini inaweza kuharibu neva.

Si zote lakini. Doksisaiklini na seftriaksoni zina njia zingine za kutoka, kwa hivyo mara nyingi dozi haibadilishwi.

Daktari hucheki nini?
Damu yako hupimwa kretinini, kisha kiwango cha figo kuchuja kinakadiriwa. 90 kwenda juu ni poa kwa wengi. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi 3, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 30, dozi za antibiotiki nyingi hupunguzwa ama masaa ya katikati yanaongezwa. Dozi ya kwanza mara nyingi hubaki kubwa, juu bakteria lazima wapigwe mapema. Na kama uko kwa dayalisisi, uliza dawa inywewe saa ngapi, maana mashini huondoa antibiotiki zingine.

Usijikatie dozi mwenyewe. Ikiwa kidogo sana, bakteria hawaishi na ugonjwa unarudi.

Sema mapema
Figo huharibika kimya kimya. Unaweza kukosa dalili hadi mambo yaende mbali. Kwa hivyo kabla upewe antibiotiki, hata kama ni mathe ama guka unamnunulia, taja haya: sukari, presha, shida ya figo ya zamani, umri, na dawa za maumivu kama diklofenaki ama ibuprofeni. Hizo mbili zikipatana na jentamisini, figo ndizo huumia.