Nguvu ya Bati Lililokunjwa

Wasikilizaji, twaeni karatasi mkaiweke juu ya vikombe viwili: itabonyea katikati. Ikunjeni mikunjo mikunjo: itasimama imara. Karatasi ni ile ile. Umbo ndilo lililogeuka.

Siri hiyo aliitumia Henry Robinson Palmer, mhandisi wa magudi ya London, aliyepata mwaka 1829 hati ya kulinda uvumbuzi wake wa bati lenye mawimbi. Bati hilo, likipindwa kama upinde, liliezeka ghala pasipo kenchi, kwa kuwa upinde huupeleka mzigo pembeni na chini.

Mwaka 1916 vita vilikuwa vikali nchini Ufaransa, na askari wengi wakilala katika mahema na matope, huku baridi yaja. Ndipo Meja Peter Norman Nissen, wa jeshi la Uingereza, alipobuni banda lenye mbavu za chuma zilizopindwa nusu duara, na mabati ya mawimbi juu yake. Watu 6 waliweza kulisimamisha kwa muda wa saa 4. Mabanda yapatayo 100,000 yalitengenezwa katika vita vile.

Hivyo chuma chembamba, kwa umbo lake, kilifanya kazi ya chuma kizito, na askari wakalala pakavu.