SEHEMU YA 4: Padre yuko njiani, mtoto hawezi kungoja

Mama zangu, wiki iliyopita tulipoongelea watoto njiti, dada mmoja aliniuliza: mtoto akizidiwa usiku na padre hapatikani, ubatizo inakuwaje? Jibu lenyewe ni fupi ila lina historia ndefu, kwa hiyo leo soma taratibu.

Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, mama mmoja alijifungua njiti. Saa nane usiku mtoto akaanza kubadilika rangi, mama akaomba aitwe padre. Simu ikapigwa. Padre alikuwa kigangoni huko nyuma ya Mlima Meru, ni masika, barabara unaijua. Mimi nimesimama pale, nina Kipaimara changu, bomba la maji liko hatua mbili, na sikujua kwamba ningeweza kufanya chochote. Mtoto akaondoka alfajiri. Padre alipofika, matope hadi magotini, aliniambia kwa upole tu: binti, ungeweza kumbatiza wewe. Heri angenigombeza.

Na sheria hiyo si ya juzi. Mwaka 1439 Mtaguso wa Firenze ulisema wazi kwamba pakiwa na dharura, anayebatiza si padre au shemasi tu. Hata mlei anaweza, mwanaume au mwanamke, hata mtu asiye Mkristo, mradi atumie maneno ya Kanisa na awe na nia ya kufanya kile Kanisa linachofanya. Wakunga wa Ulaya walifundishwa hivyo karne na karne. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 861, inarudia hilohilo. Walutheri nao wana ubatizo wa dharura.

Sasa mbona mimi sikujua? Kwa sababu nililelewa kuamini kwamba ya dini anayajua Baba Paroko, sisi wengine ni kuitikia. Bibi zetu walisali Misa ya Kilatini, padre amewapa mgongo, wao wanasema rozari yao wakisubiri kengele. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) Misa ikaja kwa Kiswahili, ila yale mazoea ya kunyamaza yakabaki. Ajabu ni kwamba huku vijijini aliyefundisha sala na kukaa na watu siku zote alikuwa katekista, mlei mwenye mke na shamba. Padre alipita mara mojamoja.

Hapa jimboni kwetu kuna kisa ambacho nakipenda sana. Jimbo la Arusha lilianzishwa mwaka 1963, askofu wake wa kwanza akiwa Dennis Durning, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu. Padre mmoja wa shirika hilohilo, Vincent Donovan, alikuwa Loliondo. Mwaka 1966 alimwandikia askofu kwamba misheni ina shule na hospitali, lakini hakuna Mmasai mtu mzima hata mmoja anayeishi Ukristo. Akaomba ruhusa aende bomani kwa watu aongee nao habari za Mungu tu.

Alifundisha mwaka mzima. Siku za ubatizo zilipokaribia akaanza kuchambua: huyu tayari, yule mzee haelewi, huyu alikosa vipindi vingi. Mzee wa boma, Ndangoya, akamkatiza. Kwa nini unatugawa? Wavivu wamesaidiwa na wenye bidii, wazito wa kuelewa wamesaidiwa na wepesi. Akasema anaweza kujibu kwa niaba ya wote kwamba wanaamini. Donovan akakubali, akawabatiza wote, na mwaka 1978 akakiandika kisa hicho kitabuni mwenyewe. Fikiria: mzee ambaye hata hajabatizwa anamsahihisha padre, na padre anasikia.

Kinyume cha hapo ndiyo ukleri, yaani padre kufanywa ndiye Kanisa zima. Papa Fransisko aliuandikia waraka Agosti 2018, kwa uchungu wa watoto walionyanyaswa huku watu wazima wakinyamaza. Alisema unalelewa na mapadre na walei pia. Hapo alitugusa. Si tumewaona viongozi wa jumuiya wanaomzuilia mama barua ya ubatizo kwa sababu ya mchango? Wao si mapadre.

Wodini ni vilevile. Daktari anaeleza, mama anaitikia ndiyo, ndiyo. Akitoka tu: "Nesi, amesemaje?" Muulize akiwa bado amesimama pale, mama.

Basi, kwa dada aliyeuliza. Mtoto akiwa katika hatari ya kufa, mwagia maji ya kawaida kichwani, yatiririke, huku ukisema unambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Ni sekunde chache. Usimzuie nesi anayemhudumia. Mimi simbatizi mtoto wa mtu kabla mzazi hajaniambia. Akipona, harudiwi kubatizwa. Apelekwe kanisani ibada ikamilishwe. Vyovyote iwavyo, paroko apewe taarifa jina liandikwe kitabuni.

Na wewe ambaye wako aliondoka bila maji, usijitese. Katekisimu ya mwaka 1992 inawakabidhi watoto hao kwenye huruma ya Mungu. Yule mama wa usiku ule nilimtafuta baadaye, nikamwambia hivyo. Alinishika mkono muda mrefu, hakusema kitu.

Sehemu ya 5 tunarudi kwenye chanjo ya surua. Leteni maswali.