Nilifuata uvundo Amani, kumbe uko Kwaluguru

Nilikwenda Kwaluguru, Handeni, kumsalimia bibi, kisha nikapanda Usambara hadi bustani ya mimea ya Amani, juu ya Muheza. Nilitaka kuona ua linalonuka mzoga.

Wengi mmeliona kwenye televisheni lile kubwa la Sumatra, linalofika mita 3. Mwaka 1889 lilichanua Kew, London. Hunuka nyama iliyooza ili kuwaita nzi na mende wabebe chavua. Baada ya siku mbili limekwisha.

Bustani ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Walileta miti kutoka Asia, Amerika na kwingineko, wakipima ipi itawalipa kwenye koloni lao: mpira, kwinini, kahawa. Mkuu wa kituo kuanzia 1903 alikuwa Franz Stuhlmann. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakarithi, na mwaka 1948 utafiti wa kilimo ukahamia Muguga, Kenya. Miti ikabaki.

Ua sikulikuta. Mwenyeji aliyenitembeza alicheka: "Kaka, umekuja si msimu wake." Ila akanifungua macho. Ua la Sumatra lina ndugu zake wadogo huku kwetu, na mmoja, unaoota Tanzania na Kenya, kitaalamu unaitwa Amorphophallus stuhlmannii. Ndiyo, Stuhlmann yule yule! Jina alipewa na Engler, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani.

Niliporudi Kwaluguru nikamsimulia bibi. Akanitazama kama mtu aliyepotea.

"Mjukuu wangu, nauli yote hiyo kwa ajili ya hicho? Si kile kinachochomoza kando ya shamba mvua za kwanza zikinyesha, ua kwanza, jani baadaye? Tulikuwa tunadhani kuku kafa kichakani."

Nikamuuliza kwa Kizigua kinaitwaje. Akafikiri sana.

"Mama yangu alikuwa na jina lake. Mimi limenitoka."

Hapo ndipo niliponyamaza. Jina la Stuhlmann limo vitabuni zaidi ya miaka mia. Jina la mama yake bibi, aliyelima jirani na ua hilo maisha yake yote, limepotea ndani ya vizazi viwili tu, na sisi waandishi tupo.

Mwenye mzee Handeni au Korogwe, amuulize leo. Na aandike.