Kambi ya Zamani Ina Wenyewe

Ukishuka kutoka Bukavu kwa barabara ya Uvira, milima inakuachia Kamanyola na joto linakupokea. Kuanzia hapo hadi ziwa Tanganyika, kupitia Luvungi, Luberizi na Sange, ni uwanda wa Ruzizi, nchi tambarare ambayo milima ya Mitumba upande mmoja na ya Burundi upande wa pili imeinyima sehemu kubwa ya mvua. Si jangwa la kweli. Lakini kati ya Juni na Septemba nyasi hukauka zikawa rangi ya mchanga, na msafiri wa zamani aliyepita hapa kwa miguu alikutana na shida zile zile za Mgunda Mkali, kabla ya kuingia Unyanyembe, au za nyika ya Taru nyuma ya Mombasa: kivuli haba, maji ya mbali, na usiku wa kulala nje. Masimulizi ya safari hizo yamejaa simba, fisi na nyoka, na kwa upande wa mto Ruzizi yamejaa mamba na viboko. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake. Hata hivyo, tukipima kwa ushahidi na si kwa hadithi, kilichomwangusha msafiri wa nchi kavu mara nyingi zaidi kilikuwa kidogo kuliko punje ya maharage, na hakikutoka porini. Kambi yenyewe ndiyo iliyokifuga.

Kwa wanyama wakubwa, watu wa misafara walikuwa na dawa. Wapagazi walipotua mizigo alasiri walikata miiba, wakazungusha boma, wakawasha mioto na kulala wamebanana, mizigo katikati. Siafu walipoingia, walimwagiwa majivu ya moto, au watu walihama usiku huo huo. Ulikuwa ulinzi wa kazi nyingi na gharama ndogo, na kwa kawaida ulitosha. Hata mdudu wa porini alikuwa ajali ya usiku mmoja. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza John Speke, akivuka ziwa Tanganyika, alipiga hema katika kisiwa cha Kivira. Dhoruba ikalipiga hema, na alipowasha mshumaa atengeneze vitu vyake, mbawakawa wadogo weusi walimvamia kwa wingi; mmoja akaingia sikioni na kuanza kuchimba. Speke alijaribu siagi iliyoyeyushwa, ikashindikana, akatumia ncha ya kisu. Mdudu alikufa, sikio likatunga usaha, uso ukavimba, na kwa miezi kadhaa vipande vya yule mdudu viliendelea kutoka pamoja na nta. Aprili mwaka huo yeye na mwenzake Richard Burton walifika Uvira, karibu kabisa na uwanda huu. Kisa cha sikio kinatisha, lakini mbawakawa yule hakumngoja mtu. Aliufuata mwanga tu.

Papasi yeye humngoja mtu. Huyu ni kupe laini asiye na ngao mgongoni, ambaye sehemu nyingine za Kongo anaitwa kimputu. Hakai mwilini kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta wa udongo na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, hunyonya kwa dakika chache hadi nusu saa, kisha hurudi ufani kabla aliyelala hajageuka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mwaka 1904, Joseph Dutton na John Todd, madaktari waliotumwa Kongo na chuo cha tiba ya nchi za joto cha Liverpool, walionyesha kuwa mdudu huyu ndiye anayeambukiza homa ya kurudiarudia, ile inayompata mtu siku kadhaa, ikamwacha akadhani amepona, kisha ikamrudia. Wote wawili waliugua wakiwa kazini. Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30, na kijidudu cha ugonjwa huo kikapewa jina lake. Mwaka huo huo daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa upande wa pili wa ziwa Tanganyika, katika koloni la Wajerumani, akipekua sakafu za vibanda kwenye njia za misafara. Aliwakuta papasi kituo baada ya kituo, akagundua kwamba jike huwarithisha watoto wake maradhi kupitia mayai. Kibanda kilichopata wenyeji hao mara moja kingeweza kubaki na sumu hata kama mgonjwa hakulala humo tena. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa mwepesi: usilale katika kibanda cha kambi ya zamani, piga hema lako mbali nacho kidogo.

Hapa msomaji makini atanipinga kwa ushahidi wa Koch huyo huyo. Aliwakuta papasi pia katika vijiji vilivyo mbali na njia, ambako wenyeji hawakulalamika kwa homa hiyo. Kama papasi yupo kila mahali, kambi ina kosa gani? Jibu liko katika hali ya wanakijiji wale. Waliumwa na papasi tangu utotoni, na waliokua walikuwa wamejenga kinga. Kambi ilikusanya watu wa aina nyingine kabisa: mpagazi wa Unyamwezi, askari wa pwani, mfanyabiashara wa Ujiji, Mzungu, wote wageni wa mahali pale, wamechoka, wamelazwa chini juu ya sakafu ambayo jana ililaliwa na wengine na keshokutwa italaliwa na wengine tena. Papasi alikuwapo, kambi ilimletea damu mpya kila usiku, na mizigo na mikeka ikambeba hadi kituo cha mbele.

Funza ni shahidi wa pili, na kwake hakuna ubishi juu ya asili. Hakuwa mdudu wa Afrika. Alifika Ambriz, pwani ya Angola, mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na katika miaka ya 1890 alikuwa amefika maziwa makuu na kuendelea hadi bahari ya Hindi. Kiroboto huyo haruki mbali. Bara zima alivushwa na miguu ya wapagazi na askari, kutoka vumbi la kambi moja hadi vumbi la kambi nyingine.

Na simba wa Tsavo? Hao ndio hoja inayopendwa kuliko zote. Mwaka 1898 simba wawili waliwavamia wajenzi wa reli ya Mombasa kwa miezi, hadi mhandisi wao John Patterson alipowaua Desemba. Patterson alitaja watu 135. Utafiti wa mifupa na manyoya ya simba hao uliochapishwa mwaka 2009 ulikadiria takriban 35. Idadi yoyote ni msiba. Lakini tazama mazingira yake: sotoka ilikuwa imekwisha kuwaua ng'ombe na nyati wa nchi ile, na kando yake kukasimama kambi kubwa isiyohama, yenye watu wengi ndani ya mahema. Msafara uliolala usiku mmoja ukaondoka haukumpa simba nafasi ya kuzoea. Kambi iliyokaa miezi tisa ilimpa. Simba wa Tsavo hawaivunji hoja yangu. Wanaikuza kutoka papasi hadi mnyama.

Kuna pingamizi la tatu, zito zaidi: kwamba hoja hii inamlaumu mpagazi kwa kulala vibaya. La hasha. Mpagazi hakuchagua kituo. Misafara ya biashara ilifungwa na maji, kwa hiyo ilirudi kisima kile kile. Serikali za kikoloni zikakaza fundo hilo: zikajenga nyumba za mapumziko kwa hatua za siku moja moja, zikawalazimisha wanavijiji kuzitunza, na msafara ukapaswa kulala pale. Baada ya mkataba wa 1910 kuufanya Ruzizi mpaka wa Wabelgiji na Wajerumani, uwanda huu ukawa nchi ya vituo vya jeshi, na katika vita vya 1914 hadi 1918 maelfu ya wapagazi walipitishwa njia za namna hii pande zote za ziwa. Afisa alikuwa na kitanda cha kukunja na chandarua. Aliyembebea kitanda hicho alilala sakafuni. Papasi hapandi kirahisi miguu ya kitanda kilichowekwa mbali na ukuta, na tofauti ya sentimita arobaini kutoka ardhini ilikuwa pia tofauti ya cheo.

Huku uwandani, Luberizi haijaacha kuwa mahali pa kambi. Palikuwa na kambi ya wakimbizi kati ya 1994 na vita vya Oktoba 1996. Kambi ya jeshi imekuwapo kwa miaka mingi. Na kila mapigano yanapozuka uwandani, watu hulala katika shule, makanisa na vibanda vya udongo vilivyoachwa na waliotangulia. Wanaopanga makazi hayo huanza na maji, chakula na ulinzi, na ni haki. Sakafu huja mwisho, au haiji. Wasimamizi waombwe jambo linalotokana na lile Koch alilolisema zaidi ya miaka mia moja iliyopita: kibanda cha zamani kikaguliwe kabla mtu hajaingizwa, nyufa zizibwe, sakafu isilibwe, na mtoto apate cha kulalia kilichoinuka. Nawe uliyelala katika nyumba ya namna hiyo, ukapata homa inayokwenda na kurudi huku kipimo cha haraka cha malaria kikisema huna kitu, mwambie mganga wa kituo cha afya ulilala wapi, uombe damu yako itazamwe kwa darubini. Kipimo cha haraka hakikioni kijidudu cha papasi, na dawa yake ni ya kawaida na ya bei nafuu.