Digrii ya miaka mitatu? Thubutu!

Jana mjomba kapiga simu tena: "Hivi wewe unamaliza lini? Si ulisema miaka mitatu?" Nikamwambia kuna sapu mbili zimenirudisha nyuma, akaguna tu. Nikabaki najiuliza, hapa Mlimani hiyo miaka mitatu iliwahi kuwa mitatu kweli?

Chuo kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika hata ishirini. Unasoma mitatu, unapewa digrii ya London. Safi.

Ikaja 1966. Serikali ikataka wasomi wapitie JKT: miezi 5 kambini, halafu miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Yaani karibu miaka miwili juu ya ile mitatu. Tarehe 22 Oktoba wakaandamana na majoho yao hadi Ikulu, bango mojawapo likisema bora ukoloni. Jamani, bango lile liliwaponza! Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawatimua karibu 400 warudi makwao (na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20, tusimnyime haki yake). Wengi walirudishwa 1967, mwaka umeshaliwa.

Novemba 1974 likatoka Azimio la Musoma. Ukimaliza fomu siksi, JKT mwaka mmoja, kazini miaka miwili, ndipo uombe chuo, tena mwajiri na chama wakuseme vizuri. Hili linanichanganya. Mtu aliyeshafanya kazi habebwi na notsi, anambishia mhadhiri kwa aliyoyaona mwenyewe. Lakini dada zetu walipungua sana madarasani, maana katikati ya hiyo miaka kuna ndoa na watoto, mpaka serikali ikabidi iwaondolee wao sharti la kazi. Waliokwishapotea njiani ndo basi tena.

Halafu Mei 1990 mgogoro na serikali, chuo kikafungwa, kuja kufunguliwa Januari 1991. Waliobakiza mitihani tu wakakaa nyumbani miezi yote hiyo.

Hapo ndo nikakumbuka: 1990 mjomba si alikuwa hapa hapa? Jioni nikampigia. "Shikamoo mjomba, hivi wewe ulimaliza kwa miaka mingapi?"

Kimya kidogo. "Marahaba. Bumu limetoka?"