Kibali cha Mjusi: Nani Alihesabiwa Mhalifu?

Katika semina moja ya mwaka wa pili, tulipokuwa tukijadili sheria za kikoloni za uwindaji, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Kijana huyo alikulia katika kijiji kilicho chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Alisimulia kwamba utotoni yeye na wenzake walikuwa wakikamata mijusi wa rangi ya buluu msituni na kumuuzia mtu aliyefika kwa pikipiki, akiwa na makopo ya plastiki yaliyotobolewa matundu. Malipo yalitosha kununua daftari na kalamu. Kisha akauliza: "Mwalimu, ina maana sisi tulikuwa wahalifu?"

Nilimwambia nitamjibu baadaye. Makala haya ni jibu langu kwake, na ninaliandika hapa kwa sababu naamini swali lake linatuhusu sote. Ndani yake limo jambo ambalo historia ya uhifadhi nchini mwetu imelipita pembeni: kibali cha serikali cha kukamata na kuzalisha viumbe wadogo, yaani reptilia na amfibia, kilitoka wapi, kinamlinda nani, na kinamwacha nani nje?

Sheria ya wanyamapori katika nchi hii ilizaliwa kwa ajili ya wanyama wakubwa. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya uwindaji iliyowataka wawindaji walipie leseni. Hofu yake ilikuwa juu ya ndovu na pembe zao. Miaka minne baadaye, Mei 1900, mataifa ya Ulaya yenye makoloni Afrika yalikutana London na kutia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa bara hili. Mkataba ule haukupata kutekelezwa kikamilifu, lakini fikra zake ziliingia katika sheria za makoloni mengi. Uliwapanga wanyama kwa madaraja. Wapo waliostahili kulindwa, na wapo waliohesabiwa kuwa waharibifu ambao idadi yao ilipaswa kupunguzwa. Katika orodha hiyo ya pili, pamoja na simba, chui na fisi, waliandikwa mamba, nyoka wenye sumu na chatu. Mkataba ulielekeza hata mayai yao yaharibiwe.

Ndugu msomaji, naomba tulitafakari jambo hilo kidogo. Reptilia walipoingia kwa mara ya kwanza katika maandishi ya uhifadhi wa Afrika, waliingia kama maadui. Kinyonga, mjusi na chura hawakuingia kabisa. Hawakuwa na pembe wala ngozi ya kutandikwa sebuleni. Kibali kilikuwa karatasi ya mtu mwenye bunduki, na kiumbe asiyepigwa risasi hakuwa na nafasi ndani yake.

Hata hivyo, viumbe hao walikuwa wakikusanywa. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyefika Nairobi mwaka 1914 kusimamia jumba la makumbusho, baadaye alihudumu katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924. Alikusanya nyoka, mijusi na vyura katika milima yetu kwa maelfu, na vielelezo vingi vya kazi yake vimehifadhiwa Marekani hadi leo. Mwaka 1952 yeye ndiye aliyemtangaza kwa wanasayansi mjusi wa buluu wa Morogoro na kumpa jina la Lygodactylus williamsi. Hata kichwa cha makala yake kilidhihirisha mshangao wake juu ya rangi ya mjusi huyo.

Mwingine ni C. J. P. Ionides, ofisa wa wanyamapori aliyefanya kazi kusini mwa Tanganyika na ambaye wenyeji walimwita Bwana Nyoka. Alikamata nyoka hai kwa mikono yake na kuwapeleka katika makumbusho na bustani za wanyama za ng'ambo. Simtaji kwa kumlaumu. Elimu yetu juu ya nyoka wa kusini inamdai shukrani. Ninachotaka kionekane ni kwamba wakusanyaji wakubwa wa wakati ule walitoka ndani ya serikali yenyewe. Mkusanyaji na mtoaji wa ruhusa walikula meza moja. Wanakijiji walioonyesha shimo la nyoka au mti wa mjusi walilipwa ujira wao, na mara nyingi historia haikuandika majina yao.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika kwa sehemu. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974 ilimpa Mkurugenzi wa Wanyamapori mamlaka juu ya uwindaji na ukamataji, na sheria ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake ikaweka utaratibu wa mashamba, ranchi na vituo vya kuzalishia wanyama. Katikati ya sheria hizo mbili ukaja mkataba wa kimataifa wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ukaanza kutumika mwaka 1975, na Tanzania ikajiunga mwaka 1979. Kwa mara ya kwanza viumbe wadogo walipata nafasi yao. Vyura wazaao hai wa jenasi ya Nectophrynoides, wanaopatikana Tanzania pekee, waliwekwa katika daraja la juu kabisa la ulinzi. Kobe na vinyonga waliwekwa katika daraja la pili, ambalo biashara yake inaruhusiwa kwa kibali baada ya wataalamu kuridhika kwamba haitadhuru uhai wa spishi hiyo porini.

Utaratibu ni mzuri ukiusoma. Lakini kila kibali kina mambo mawili yanayopaswa kuwa ya kweli: jina la mnyama na asili yake. Ikiwa jina si la kweli, idadi iliyoandikwa haina maana. Ikiwa asili si ya kweli, muhuri unageuka kuwa sabuni ya kusafishia mali ya wizi. Historia yetu ya karibu ina mfano wa kila moja.

Mfano wa kwanza ndio wa kijana wangu. Mjusi wa buluu anaishi katika eneo dogo sana. Makazi yake makuu ni msitu wa Kimboza, wenye ukubwa wa kilomita za mraba kama nne hivi, na humo hukaa juu ya mikadi ya porini, ile miti yenye majani marefu ya miiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi wasiopungua 32,310, na huenda walifikia 42,610. Mikadi ilikatwa ili mijusi wafikiwe, kwa hiyo hata waliobaki walipoteza nyumba zao. Na katika muda wote huo Tanzania haikuwa imetoa kibali cha kusafirisha spishi hiyo. Mijusi hao walipita mipakani kwa majina ya ndugu zao wa kawaida. Ofisa aliyesoma neno "mjusi" akaona mjusi ndani ya kopo hakuwa na sababu ya kushtuka, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kutofautisha mjusi na mjusi.

Linganisha na tukio la Novemba 2010, pale zaidi ya wanyama 100, wakiwamo twiga, waliposafirishwa kwa ndege kutoka Uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar. Taifa lilitikisika, Bunge likapaza sauti, na kesi ikafunguliwa. Ilistahili. Lakini sikumbuki kelele kama hizo kwa mijusi zaidi ya elfu thelathini. Twiga ni nembo ya taifa. Mjusi ni yule tunayemfukuza ukutani kwa fagio. Katika hilo sisi tu warithi waaminifu wa mkutano wa London.

Mfano wa pili ni wa kobe bapa, yule mwenye gamba laini anayejibana katika nyufa za miamba ya maeneo makavu. Jike lake kwa kawaida hutaga yai moja kwa wakati. Wakamataji waliwafikia kwa kuvunja nyufa hizo, ambazo haziwezi kuota tena kama mti. Usafirishaji wa kobe wa porini uliposimamishwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, biashara iliendelea kwa maelezo kwamba kobe wamezaliwa katika mashamba. Uzalishaji wa kweli unawezekana, nao ni jambo jema. Ila mnyama anayetaga yai moja hazai makontena, na mkaguzi aliyekaa ofisini hawezi kujua kama kobe mdogo alianguliwa shambani au aliokotwa mlimani juzi. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES ziliamua kumpandisha kobe huyu daraja la juu. Mjusi wa buluu alikwisha kupandishwa mwaka 2016.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonikosesha raha. Mjusi wa buluu huzaana bila shida katika vizimba vya Ulaya. Kanuni za CITES zinataka wazazi wa kwanza wa mnyama anayeitwa wa kufugwa wawe wamepatikana kihalali. Wazazi hao walipatikanaje kihalali kutoka nchi ambayo haikuwaruhusu kutoka? Lakini mfugaji wa ng'ambo huweza kupewa cheti kwa wajukuu wa mjusi aliyeibwa, wakati kijana wa Morogoro akikutwa na mjusi yule yule mfukoni anasimama mahakamani.

Nisieleweke kwamba nataka pazia lishushwe, asichukuliwe mnyama yeyote. Wapo vyura wa Kihansi. Chura huyu mdogo, mwenye urefu wa takriban sentimita mbili, aligunduliwa mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, akiishi kwa manyunyu ya maporomoko, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa juu yake. Maji yalipogeuzwa, manyunyu yalikauka. Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali yetu, vyura 499 walipelekwa Marekani kuzalishwa. Wengi walikufa miaka ya mwanzo, lakini wataalamu hawakukata tamaa. Mwaka 2009 spishi hiyo ilitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudi, wakapokelewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 kazi ya kuwarejesha korongoni ikaanza. Wapo waliocheka kwamba tunahangaikia vyura. Mimi naona hicho ndicho kibali kilichotimiza wajibu wake: jina lilijulikana, idadi ilijulikana, asili ilijulikana, na safari ilikuwa na marudio.

Machi 2016, baada ya makumi ya tumbili kukamatwa Kilimanjaro wakiwa njiani kwenda nje, serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara waliobakiwa na wanyama wangeruhusiwa kuwauza nje kwa miezi michache, na baada ya siku chache tangazo hilo likasitishwa. Kufunga na kufungua mlango si sera. Sera ni kumfundisha ofisa wa mpakani kumtambua mjusi, kuwakagua wazazi kabla ya kuwapa vyeti watoto, na kuandika jina la kijiji katika kibali ili kijiji kipate haki yake na wajibu wake.

Sasa nimjibu kijana wangu. Kwa maandishi ya sheria, ndiyo, kukamata bila kibali ni kosa. Lakini kosa hilo lilikuwa na mnyororo, na wewe ulishika pete ya kwanza tu, ukiwa mtoto, kwa bei ya daftari. Waliojua jina la mjusi walikuwa mbele yako, nao ndio waliolibadilisha. Juzi aliniambia anataka tasnifu yake ihusu msitu wa Kimboza. Nimekubali kumsimamia, na nimemtuma aanze kwa kuomba kibali cha utafiti.