Rangi Ipunguayo na Maji ya Singida

Maji ya visima vingi vya Singida ni maangavu. Macho huyasifu, ulimi huyakubali, na mtungi hujazwa bila ya shaka. Lakini katika baadhi ya visima hivyo mna floraidi, ambayo maji huichukua polepole katika miamba ya ardhini. Mtoto ayanywaye maji hayo wakati meno yake yangali yakiumbika ufizini huota meno yenye madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki kwa mswaki wala kwa majivu.

Sababu ya madoa ya namna hii ilikuwa fumbo duniani kwa muda mrefu. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill alipima maji ya mji wa Bauxite, Marekani, ambako watoto walikuwa na meno hayo, akakuta floraidi nyingi. Ikabaki kazi ya kupima kwa wepesi kitu kisicho na rangi.

Msaada ulitoka kwa watia nguo rangi. Alizarini, rangi ya kale iliyopatikana katika mizizi ya mmea, iliundwa maabarani na Graebe na Liebermann wa Ujerumani mwaka 1868. Ikiungana na metali ya zirkoni huwa nyekundu. Floraidi ikifika huipokonya zirkoni hiyo, na wekundu hupungua. Mwaka 1934 Sanchis alieleza jinsi ya kupima maji kwa njia hii. Jicho lililinganisha chupa kwa chupa, kisha chombo cha kupimia mwanga kikashika nafasi yake: kadiri mwanga unaomezwa unavyopungua, ndivyo floraidi ilivyo nyingi.

Shahidi huyu naye huweza kupotoshwa. Alumini huificha floraidi, na fosfeti hujifanya floraidi. Kwa hiyo maji yenye mashaka hukenekwa kwanza.

Tena shahidi si hakimu. Mwaka 1974 Tanzania, kwa uhaba wa maji vijijini, iliweka kikomo cha muda cha miligramu 8 katika lita. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 1.5, na baadaye Tanzania ilikishusha kikomo chake. Maji yenye miligramu 5 yaliruhusiwa kwa kikomo kimoja na kukataliwa kwa kingine, hali rangi chupani ni ile ile. Rangi hutoa hesabu. Hukumu hutolewa na watu, na gharama yake huonekana watoto wanapocheka.